Muulize Fundi Mashine: "Hela ndogo, familia ipo, nataka boti ya mtumba"

Kila mwaka ni hivi hivi, kusi, ule upepo mkali wa kusini, likishaanza kuchoka na bahari ikatulia, meseji za boti zinaanza kumiminika. Watu wanaona matlai, ule upepo mtulivu, hiyo inakuja, Desemba iko karibu, watoto watafunga shule, basi kila mtu anataka chombo chake. Sawa, mwezi huu tunaongea boti tu, wenye maswali ya jenereta na pampu za visima mnisamehe mpaka toleo lijalo.

Shikamoo fundi. Niko Tegeta, nina mke na watoto watatu, mkubwa ana miaka 11, wa mwisho 4. Kila tukienda Mbudya tunabanana kwenye boti za pale Kunduchi nikawaza mbona nisiwe na yangu. Nimejipanga milioni 15. Kuna jamaa ana faiba futi 18, mashine ya nguvu farasi 40 ya tustroki, anataka milioni 14, imepigwa rangi mpya nyeupe na bluu, viti vya kuzunguka, spika za muziki zipo. Nyingine ni futi 16, sura imechoka kabisa, mashine 40 ya fostroki ya mwaka 2014, huyu anataka 12. Roho yangu ipo kwenye ya 18 kusema ukweli. Na ndoto yangu siku moja tuivushe mpaka Zanzibar wote watano. Nikague nini?
*Baba wa watatu, Tegeta*

Marahaba baba. Nianze na spika, zisahau. Viti vya kuzunguka navyo visahau. Rangi mpya ndio usiisahau hata kidogo, maana mtu anayeuza boti ya miaka mingi halafu kaipaka rangi wiki iliyopita, mimi swali langu la kwanza ni anaficha nini. Labda hafichi kitu, labda kapendezesha tu bidhaa kama muuza nyanya anavyozifuta, ila uende ukiwa na hilo swali kichwani.

Mimi mwenyewe nshapigwa, na nilikuwa fundi tayari, sio mgeni. Nilinunua faiba ya futi 19 kwenye fukwe moja kaskazini mwa jiji, nyeupe pee, inang'aa, mashine ikapiga mara moja ikawaka, nikatoa hela. Wiki ya tatu naona mashine inalala nyuma kidogo kila nikikaza. Nikaipandisha mchangani, nikalegeza bolti moja ya chini inayoshika mashine, aisee, maji ya rangi ya chai ya rangi yakaanza kutiririka kwenye tundu la bolti, yananuka kama mbao iliyolala kwenye tope. Ule ubao wa nyuma unaobeba mashine kwa nje ni faiba safi, lakini ndani ni plaiwudi, na plaiwudi ilikuwa imeshakuwa uji. Faiba ndio ilikuwa inabeba kilo karibu mia za mashine peke yake. Kuukata, kuutoa uozo wote, kuweka mbao mpya, rezini na mati, ilinigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia, na huyo muuzaji simu hapokei mpaka leo.

Kwa hiyo baba, ukifika pale usiende mbele kwenye usukani kama watu wote wanavyofanya, nenda nyuma. Mashine ikiwa imeshushwa wima, ishike kwa chini kabisa pale karibu na propela, isukume mbele, ivute nyuma, kwa nguvu, huku mwenzako anaangalia ule ubao. Usicheze. Ukiona ubao unapumua, unaingia na kutoka, au nyufa zinafunguka kwenye kona, mshukuru mwenye boti, omba maji ya kunywa, ondoka. Kisha chukua bisibisi, ishike kwa upande wa chuma, gonga gonga na kile kishikio ubao mzima na pia sakafu na pale chini yalipo mataruma, zile mbavu za boti. Palipo pazima panalia ko ko ko, palipooza panalia bu bu bu, hata mtoto wako wa miaka 11 atakuambia tofauti. Sakafu nayo ikanyage kwa kisigino, ikibonyea kama godoro ujue mbao za chini zimekwenda.

Mwisho legeza bolti moja ya chini ya mashine uone kama maji yanatoka. Muuzaji akikataa, mwambie utairudishia wewe na silikoni mpya. Akikataa tena, jibu umelipata.

Tuje kwenye mashine. Mpigie muuzaji umwambie unakuja saa nne, halafu fika saa tatu. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya mashine. Ikiwa ya moto kaiwasha kabla hujafika, na mashine yoyote ikishapata moto inawaka kirahisi, unachotaka wewe ni kuiona ikiamka ya baridi, asubuhi, kama utakavyoiamsha wewe ukiwa na watoto wamekaa wanangoja. Ipoe kabisa ndio muanze. Ikishawaka angalia ule uzi wa maji unaotoka pembeni, mafundi tunasema mashine inakojoa, uwe na nguvu na usikatike. Maji yakiwa dhaifu inaweza kuwa impela tu, kitu kidogo cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, ambacho hata hivyo unabadilisha kila mwaka au miwili, ila pia inaweza kuwa chumvi imeziba njia za maji ndani na hiyo ni habari nyingine.

Pima kompresheni, ule mgandamizo ndani ya silinda. Usikubali maneno ya "mashine iko fiti bro". Nenda na fundi wako, sio fundi wa muuzaji, awe na geji, atoe plagi zote, apime silinda moja moja. Namba zenyewe hazinisumbui sana kama zinavyotofautiana, silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 kuna ringi au pistoni inalalamika. Halafu alegeze skrubu ya chini ya gia kule kwa propela, oili itoke kidogo. Ikitoka nyeusi au ya kahawia ni uzee tu, ikitoka kama chai ya maziwa maji yanaingia, na yakitangulia maji yenyewe kabla ya oili basi hiyo gia imeshalala bahari nzima.

Sasa swali ambalo hujauliza ila najua linakuja, tustroki au fostroki. Watu watakuambia chukua fostroki inakula kidogo. Kweli inakula kidogo, lakini piga hesabu ya safari zako wewe. Mashine ya 40 ya tustroki ukiikaza yote ni lita kama 18 mpaka 20 kwa saa, fostroki ya 40 weka 15. Kunduchi mpaka Mbudya kisiwa unakiona kwa macho, kwenda na kurudi ukienda kwa moto ni kama dakika 20 ya mashine kuunguruma. Yaani unaokoa lita moja na kitu kwa Jumapili, hiyo sio sababu ya kununua mashine. Sababu ni hizi hapa. Tustroki fundi yoyote wa pwani anaifungua gizani, spea zipo kila mahali, ila ina kelele na moshi, na lazima uchanganye oili mwenyewe, lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili, na iwe oili ya boti yenye alama ya TC-W3, sio ile ya bodaboda ya kale uliyoikuta stoo. Siku ukisahau kuchanganya umeua mashine. Fostroki ni tulivu, watoto wanalala njiani, petroli unamimina tu, lakini ikiwa ya injekta na kompyuta ikaleta matatizo basi sio kila fundi ataigusa, na spea zake utalia.

Kwa hiyo mimi sichagui tustroki wala fostroki, nachagua yenye kompresheni nzuri na gia kavu. Zote zikiwa nzima, kwa mtu mwenye mtoto wa miaka minne, fostroki.

Kuhusu futi 18 na futi 16. Hapa wengi wanadanganyika kwa urefu. Nenda na futi kamba upime upana. Kuna hesabu ya Wamarekani ya boti ndogo, urefu mara upana kwa futi, gawa kwa 15, unapata idadi ya watu. Faiba nyingi zinazotengenezwa huku kwetu zimefuata umbo la mitumbwi ya uvuvi, ndefu na nyembamba. Ikiwa hiyo ya 18 ina upana wa futi 5, ni 90 gawa kwa 15, watu 6. Na ile ya 16 iliyochoka sura ikiwa na upana wa futi 6, ni 96, watu 6 na chenji. Umeona? Ndogo inabeba kuliko kubwa. Na ile pana ndio itatulia watoto wote watatu wakikimbilia upande mmoja kuangalia pomboo, maana watakimbilia, hata uwafunge. Na hiyo hesabu ni ya maji yaliyotulia na watu wa kawaida bila friza la samaki na mkaa wa kuchomea, ukiweka vitu toa mtu.

Hela sasa. Una 15, usinunue boti ya 14. Nunua ya 10, sana sana 11. Kwa sababu ukishailipia ndio unagundua huna majaketi matano ya kuokolea, na la mtoto wa miaka 4 ni lazima liwe size yake kwa kilo zake, lenye kola nyuma ya kichwa na mkanda wa kupita mapajani, la mkubwa atatoka kwa chini kama sabuni. Huna nanga na kamba ya kutosha, mtungi wa kuzimia moto, kasia mbili, ndoo ya kukumba ngama, yale maji yanayotuama chini ndani ya boti, filimbi, kurunzi. Hapo hujagusa impela, plagi, oili ya gia, na zinki mpya, vile vipande vya madini vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine yako. Hujagusa trela. Na trela ni swali zito kwako kuliko unavyodhani, kwa sababu pale Kunduchi bamvua ikipwa maji yanakimbia mbali kabisa, umetoka asubuhi bahari iko mlangoni, unarudi unakuta mchanga mtupu na boti imepwelewa, unakaa hapo na watoto wenye njaa mpaka maji yajae. Kabla ya kupanga safari angalia mwezi, ukiwa mchanga kabisa au mpevu hiyo ni bamvua, panga saa zako.

Boti ya 16 mpelekee 9 umsikilize. Kwa sura hiyo iliyochoka amekaa nayo sokoni muda, nakuhakikishia. Jelikoti, lile ganda la juu la faiba linalong'aa, ikiwa imepauka unapiga polishi wikiendi mbili, malengelenge machache tumboni yanavumilika, mikwaruzo ya mchanga sio ugonjwa. Nyufa zenye umbo la buibui pale pembeni ya ubao wa nyuma au kwenye mkuku, ule uti wa mgongo chini ya boti, hizo ndio uniite.

Karatasi. Kwa bara ni TASAC ndio wanaokagua na kusajili vyombo, Zanzibar wana mamlaka yao ya ZMA. Jina la kwenye cheti liwe la huyo huyo anayepokea hela yako, namba ya chombo iliyoandikwa ubavuni ifanane na cheti, na namba ya mashine kwenye kile kibati cha bano iwepo na isomeke. "Cheti kiko kwa shemeji" sio cheti.

Zanzibar? Hapana baba. Sio kwa boti ya wazi ya futi 16 wala 18, mashine moja, watoto watatu. Kutoka Kunduchi ni zaidi ya kilomita 50 na katikati ya mkondo hakuna pa kujificha, mashine ikizima unakuwa boya. Hata siku za matlai upepo unaweza kuamka mchana. Ukisikia TMA, wale wa hali ya hewa, wanasema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, elewa kwamba mita 2 ni urefu wa mlango wa chumbani kwako unakuja na maji. Pandeni feri, mle urojo, mrudi. Boti ni ya Mbudya, Bongoyo siku ikiwa nzuri, na kuvua changu na mkubwa alfajiri. Na ukienda huko ukumbuke visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kiingilio unalipa hata ukija na chombo chako, na nanga usiitupe juu ya matumbawe.

Habari fundi, mimi ni mwalimu hapa Nyegezi Mwanza. Mume wangu kapata mtumbwi wa mbao wa futi 22 na mashine ya 15 kwa bei ya kutupa, mwenye nao anasema mashine imetoka Mafia. Tutakuwa sisi wawili, watoto wawili na bibi yao, ni Jumapili kutembea tu karibu karibu. Mume kashaona ni dili, mimi moyo unasita. Kila mtu ananiambia nichukue faiba.
*Mama mwalimu*

Salama mwalimu. Moyo wako unasita mahali sahihi ila sio kwenye mbao. Mbao sio tatizo, ziwa lote linatembea na mbao, fundi wa mbao utampata kabla hujamaliza kuuliza wakati fundi faiba mzuri unaweza kumtafuta mwezi. Unachofanya ni kukataa kuutazama ukiwa umepinduliwa juu ya mawe. Mwambie mwenye nao auweke majini jioni, ulale humo usiku mzima, mje asubuhi mkiwa na kopo mpime ngama. Mbao iliyokaa juani muda mrefu itavujisha mwanzo halafu itavimba na kujifunga, hiyo kawaida, kwa hiyo kumbeni maji yote mrudi jioni tena. Ikiwa bado inaingia vile vile basi ni kalafati, ile pamba inayozibia katikati ya mbao, imechoka au misumari, na misumari utaijua kwa michirizi myekundu ya kutu inayoshuka chini ya rangi.

Kinachonisumbua mimi ni "bei ya kutupa" na "imetoka Mafia" kukaa kwenye sentensi moja. Mashine ya boti kwenye Ziwa Victoria ni kama ng'ombe, inaibiwa. Wavuvi wananyang'anywa usiku katikati ya maji, mashine inavuka mpaka, inauzwa na hadithi kwamba imetoka mbali. Namba ikiwa imekwanguliwa au kibati hakipo, msiiguse hata kwa bure, siku mwenyewe akiitambua pale mwaloni wanaposhukia wavuvi mtajieleza kwa lugha gani. Mwambieni muuzaji muandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa na namba ya mashine iandikwe. Mwizi hapendi kalamu.

Na kama kweli imetoka Mafia basi imekunywa chumvi. Fungua kofia, angalia unga mweupe kwenye kona na kwenye nyaya, jaribuni kufungua plagi na bolti za kichwa, ikiwa bolti zimeganda na kuvunjika hamna haja ya kuendelea. Ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyozaliwa hapo hapo ziwani, hata ikiwa na umri mkubwa, mimi naipenda zaidi.

Mashine ya 15 kwenye mbao ya futi 22 na watu watano haitakimbia, italima maji polepole, kwa matembezi ya Jumapili na bibi hiyo ni sifa. Mkikutana na magugumaji zimeni, inueni mashine, msukume kwa kasia, maana majani yanaziba mdomo wa maji ya kupoza na mashine inachemka kabla hamjajua. Muwe mmerudi kabla ya giza, dhoruba za ziwani zinapenda usiku na alfajiri. Na bibi avae jaketi, hata akisema yeye kazaliwa Ukerewe. Sote tunakumbuka kivuko cha MV Nyerere kilivyopinduka Septemba 2018, ilikuwa imebaki mita chache tu kufika gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Karibu karibu unayosema wewe mwalimu, maji hayaijui.

Fundi, naweza kununua boti na mimi sijui kuogelea?
*Asiyetaka jina, Bagamoyo*

Unaweza. Wavuvi wangapi hawajui na wanazeekea baharini. Ila wewe ndio nahodha, ukianguka nani anageuza boti? Kwa hiyo ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ivae mkononi kila ukiwasha, kila siku, hata kama ni mita hamsini, na mke wako ajue kuwasha, kugeuza na kuzima kama wewe. Halafu nenda kajifunze, watoto wa Bagamoyo watakufundisha kwa soda.

Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Kilifi, Kenya. Kuna Bayliner 175 imeletwa na kontena kutoka Uingereza, injini iko ndani, MerCruiser 3.0 ya petroli, mwenyewe ataka laki sita na nusu za Kenya. Ni safi mno, haina mkwaruzo, mita yaonyesha masaa kidogo. Wazee wangu na watoto tuingie creek, hori letu hapa, jioni. Mafundi wa hapa wote ni wa Yamaha za nje, waniambia niachane nayo lakini nafikiri hawaijui tu.
*Kijana wa Kilifi*

Waalaykum salaam. Mafundi wako hawaijui, na hiyo yenyewe ndio sababu nzuri ya kuwasikiliza. Boti ambayo fundi wako wa karibu hajawahi kuifungua ina bei mbili, ya kununua na ya kungoja.

Ngoja nikwambie kwa nini boti za kule huja zimependeza hivyo. Kule kuna baridi, boti inatumika miezi michache ya jua, mingine imefunikwa. Kwa hiyo viti havijaungua, jelikoti inang'aa, masaa ni kidogo. Lakini kabla ya baridi lazima maji yatolewe yote ndani ya injini, asiyetoa maji yanaganda kuwa barafu, barafu inatanuka, na chuma cha injini kinapasuka. Mwenye boti akigundua anafanyaje? Anauza, na mnunuzi rahisi ni yule aliye mbali. Sisemi yako ndio hiyo. Nasema chomoa kijiti cha oili uangalie, ikiwa na povu la maziwa umeipata. Kisha chukua kurunzi ukague ubavu wa injini chini kabisa, mstari wa kutu mwembamba uliolala kwa urefu, au kiraka cha gundi ya chuma kilichopakwa rangi juu, ndio ufa wenyewe. Hakuna kurunzi hakuna biashara.

Ikipita hapo kuna chumvi. Injini hiyo kwa kawaida inavuta maji ya bahari moja kwa moja kujipoza, na zile bomba nzito za chuma za kutolea moshi zinaliwa kwa ndani. Kwenye maji ya chumvi baada ya miaka 5 au 6 hivi unazibadilisha tu usingoje zitoboke, maana zikitoboka maji yanaingia kwenye silinda. Na kule nyuma ambapo mguu wenye propela unatoka nje ya boti kuna mpira wenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta, huo ndio unaozuia bahari isiingie. Ukichanika, boti inazama ikiwa imefungwa kwenye boya na wewe umelala nyumbani. Ubinye mikunjo yote kwa vidole, ukiona nyufa hata ndogo huo ni wa kubadilisha kabla ya siku ya kwanza.

Mashine ya nje ukimaliza unainua yote juu ya maji, unaiosha na maji yasiyo na chumvi dakika kumi, imelala kavu. Hii ya ndani mguu wake haukauki ukiiacha majini. Kwa hiyo kama una trela na gari la kuivuta na utaitoa kila jioni, inawezekana. Kama mpango ni kuifunga creek wiki nzima, wale mafundi wako wameshakujibu.

Kingine na hiki nisikilize vizuri kwa sababu kuna wazee na watoto. Petroli inatoa mvuke, mvuke ni mzito kuliko hewa, unalala chini kwenye ngama pamoja na injini. Mashine ya nje shida hiyo ni ndogo kwa sababu iko nje. Yako ina feni ya kutoa mvuke, iwashe dakika nne kabla hujazungusha ufunguo, na hata baada ya hapo inama unuse. Ukisikia harufu ya petroli usiwashe chochote, hata redio. Ukienda kuikagua feni ndio kitu cha kwanza cha kujaribu, ikiwa haizunguki mwenye boti alikuwa anacheza na watu wake.

Muulize pia karatasi ya ushuru na usajili wa KMA, mamlaka ya vyombo vya majini ya Kenya, boti iliyoingia na kontena bila ushuru kulipwa itakuja kukudai wewe. Na bei yake kata bomba za moshi, kata mpira wa nyuma na kazi ya fundi atakayetoka Mombasa, kinachobaki ndio umpelekee. Akikasirika mwachie namba ya simu.

Ukienda nipigie picha tatu, kijiti cha oili kwenye tishu nyeupe, ule mpira wa nyuma, na ubavu wa injini chini. Sio picha ya usukani, usukani wa Bayliner nshauona.